Ukitaka gari la Asia, isome kwanza nchi linakotoka

Wateja wanaopanda ngazi za ofisi yetu hapa Malindi huja na picha kwenye simu. Toyota nyeupe, bei kwa dola, na swali ni lilelile: "Hili litanifikia kwa ngapi?" Bei nitamtafutia, ndiyo kazi yangu ya kuwaagizia watu magari. Lakini nami huwa na swali langu kabla ya hapo: huyo aliyekuwa nalo Yokohama au Singapore, ameliachia kwa nini? Hakuna anayeuza gari linalotembea vizuri bila sababu, na sababu hiyo aghalabu utaikuta kwenye kodi, sheria, reli na maegesho ya nchi yake. Hayohayo ndiyo yanayofanya nchi moja ya Asia ijae magari na jirani yake awe nayo machache. Mnunuzi anayeyaelewa hajui tu kulinganisha bei, anajua pia gari lipi la kufuatwa na lipi la kuachwa.

Anza na hesabu

Kipimo kinachotumika ni magari kwa kila watu 1,000. Gawanya idadi ya magari kwa idadi ya watu, kisha zidisha kwa 1,000. Tazama sana ni nini kilichohesabiwa, kwa maana orodha nyingine huchanganya malori, mabasi na pikipiki. Malaysia, kwa mfano, vyombo vilivyosajiliwa vimezidi idadi ya watu, na humo mna mamilioni ya pikipiki, pamoja na vyombo vilivyokufa zamani lakini havijafutwa daftarini. Chukua magari ya abiria peke yake.

Japan ina magari ya abiria takriban milioni 62 na watu takriban milioni 124. Hiyo ni kama 500 kwa kila watu 1,000, gari moja kwa watu wawili. Singapore ina magari takriban 650,000 kwa watu milioni 6 hivi, ambayo ni kama 110 kwa kila 1,000. Hong Kong haifiki hata 100. Na tukigawa pato la taifa kwa kila kichwa, Singapore inamzidi Mjapani zaidi ya mara mbili. Ingekuwa pesa peke yake ndiyo inayonunua magari, Singapore ingekuwa haina pa kukanyaga.

Pesa ina kazi yake, sikatai. Nchi ikiwa maskini mtu hujitahidi kupata baiskeli, akiinuka kidogo pikipiki, na kipato kikipanda zaidi magari huongezeka kwa kasi. China ilipofika hapo ikawa, tangu 2009, soko kubwa kuliko yote duniani la magari mapya. Lakini pesa ikishapatikana, kinachoamua ni mambo mengine: pa kuliweka gari, gharama ya kulimiliki kila mwaka, kama kuna treni au basi la kutegemewa, bei ya petroli, na kama nchi ina kiwanda chake inachotaka kukilinda. Iulize kila nchi maswali hayo.

Japan, kwa kirefu

Huku kwetu Pwani Japan ndiyo mama wa magari, kwa hiyo tusiipite haraka.

Gari jipya la abiria kule hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo huambatana na kodi ya uzito wa gari na bima ya lazima, na bili yake aghalabu hupita yen 100,000, hata zaidi fundi akikuta vya kubadilisha. Hesabu sasa: mwaka wa 3, wa 5, wa 7, wa 9. Kila tarehe hiyo ikikaribia, mwenye gari hujiuliza kama alipe au aliuze achukue jingine. Wengi huuza. Sisi Kenya haturuhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8, ukihesabu na mwaka wenyewe liliposajiliwa mara ya kwanza. Ndiyo sababu magari mengi tunayoyaona barabara ya Mombasa ni yale yaliyoachwa ukaguzi wa mwaka wa 7 ulipokaribia. Mwenyewe hakuliacha kwa ubovu. Alikimbia bili.

Kuna na maegesho. Tangu 1962 Japan ina sheria inayomtaka mnunuzi athibitishe kuwa anapo mahali pa kuliweka gari, na mahali penyewe pasizidi kilomita 2 kutoka nyumbani kwake. Polisi ndio wanaotoa cheti. Kulaza gari barabarani usiku kucha hakuruhusiwi. Mtu wa Tokyo hukodi kwa mwezi kipande cha ardhi cha kulaza gari, na treni inapita karibu na mlango wake kila baada ya dakika chache. Matokeo yake, Tokyo haifiki gari moja kwa kila nyumba mbili, ilhali mkoa wa Fukui, kwenye mashamba na treni chache, wastani unapita gari moja na nusu kwa nyumba. Nchi ni moja, sheria ni moja, na tofauti ni zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo hata nchi yenyewe haitoshi kuulizia. Uliza na mkoa.

Wajapani pia wana aina yao ya vigari vidogo: injini isizidi cc 660, urefu usizidi mita 3.4. Kodi yake ni nafuu, na vijijini kwingi sharti la maegesho hulegezwa. Theluthi hivi ya magari ya nchi ni hayo. Huku huja Suzuki Every na Daihatsu Hijet. Ukinitaka shauri, mwenye duka la mkate anayezunguka Barani, Ngala na mjini kitamtosha na kitampunguzia petroli. Mwenye kupanda nacho Marafa na magunia ya mahindi atakiua injini mapema.

Sasa karatasi ya mnada, maana hapo ndipo watu wanapoliwa. Gari la Japan hupita mnadani kabla ya kukufikia, na mnada humtuma mkaguzi wake alipige gredi: 5, 4.5, 4, 3.5 na kuteremka. Ukiona R au RA, lilipata ajali likatengenezwa. Chini huwa kuna mchoro wa gari lililofunuliwa, na juu yake herufi ndogo na nambari: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama ya kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyoanza kula chuma. Nambari inaonyesha ukubwa, 1 ni kidogo.

Ami mmoja wa Mambrui alikuja akitaka Toyota Probox ya kubebea samaki. Wakala alikuwa amemtumia karatasi mbili. Moja gredi 4.5, ya mnada wa Sapporo, kaskazini kabisa. Ya pili 3.5, ya Fukuoka, kusini. Bei zilikuwa karibu sawa.

"Mwanangu, si hii ya nne na nusu ndiyo bora?"

"Ami, tuiangalie chini."

Mchoro wa ile ya Sapporo ulikuwa safi ubavuni, mlango kwa mlango, hakuna alama. Lakini kwenye maandishi ya mkaguzi kulikuwa na kutu upande wa chini, S2 mahali pawili na C1 karibu na ekseli ya nyuma. Ile ya Fukuoka ilijaa A1 na A2, na U1 kwenye mlango wa nyuma, kama gari lililoegeshwa sokoni. Chini hakukuandikwa kitu. Nilimweleza kuwa kaskazini mwa Japan theluji huanguka majira yote ya baridi, na barabara humwagiwa chumvi na dawa za kuyeyushia barafu. Hiyo chumvi huingia kwenye chesisi. Kisha gari lije Mambrui, upepo wa bahari mwaka mzima, na samaki wa barafu nyuma wakidondosha maji ya chumvi. Mkwaruzo wa mlango utaufuta kwa rangi. Chesisi iliyooza hakuna fundi wa Malindi atakayekurudishia. Alichukua ya Fukuoka, na ndiyo ningeichukulia baba yangu mzazi.

Angalizo moja: jina la mji kwenye karatasi ni la mnada, si lazima gari liwe lilitumika hapo. Daima dai picha za upande wa chini, ekseli, mabomba ya breki na bomba la moshi. Wakala akisema hana, tafuta wakala mwingine.

Singapore na hesabu ya miaka 10

Singapore ni kisiwa cha kilomita za mraba 730 hivi, na serikali yake iliamua tangu Mei 1990 kuwa idadi ya magari itapangwa nayo. Kabla ya kusajili gari ni lazima ushinde cheti kwenye mnada, na cheti hudumu miaka 10. Oktoba 2023 cheti cha magari makubwa kilifika dola za Singapore 150,001. Hicho ni kibali tu, gari hujalinunua. Juu yake kuna kodi ya usajili, na tangu 1998 kuna malipo ya elektroniki ya kupita barabara zenye msongamano. Treni na mabasi yao ni mazuri, basi watu wengi hawajisumbui.

Mwenye gari akilifuta kwenye daftari kabla ya miaka 10 hurudishiwa sehemu ya alichokilipa. Miaka ikitimia, marejesho yameisha. Kwa hiyo wengi huliondoa likikaribia mwaka wa 10, hata likiwa linang'aa. Hapo ndipo pana mtego kwa Mkenya: la mwaka wa 9 au wa 10 haliingii Mombasa, hata likiwa zuri vipi na hata wakala akikuapia. Unalolitaka ni lililofutwa mapema, mwaka wa 5 au wa 6. Yapo, maana mtu aliyelipa cheti ghali hurudishiwa nyingi akitoka mapema. Muulize muuzaji sababu ya kutoka mapema, na umwombe hati ya kufutwa. Faida ya Singapore ni kwamba hakuna theluji. Hasara ni foleni na joto: gia za otomatiki na mfumo wa kupoza injini uvipimie kwa makini.

Hong Kong, na anayetoka Lamu ataelewa

Hong Kong hutoza kodi ya usajili wa kwanza inayoanzia asilimia 46 kwa sehemu ya kwanza ya thamani ya gari la abiria, na kupanda hadi 132 kwa sehemu ya juu. Safari 9 katika kila 10 za watu wake ni za treni, mabasi, tramu na feri. Halafu vimo visiwa vyake kama Cheung Chau na Lamma ambavyo havina magari ya watu binafsi kabisa. Aliyekulia Mkomani au Langoni, mitaa ya Lamu, hahitaji kufafanuliwa hili. Mji wa Lamu wapo watu wenye uwezo wa kununua gari na zaidi, lakini kichochoro kinampitisha punda na mtu, basi. Gari linabaki Mokowe, ng'ambo bara, na mjini kazi inafanywa na punda, mikokoteni na mashua. Mji uliojengwa kabla ya gari hauna haja ya kuomba radhi, na ninasikitika kila nikisikia watu wakipima maendeleo ya Lamu kwa magari.

China bara hutuhusu kidogo kwa magari yaliyotumika, kwa sababu usukani wao uko kushoto. Ila ujue kuwa huko nako serikali imeweka mkono: Shanghai hupiga mnada nambari za gari tangu 1994, na Beijing ilianza bahati nasibu 2011.

Pale petroli ilipo rahisi

Malaysia ilianzisha Proton 1983, na Saga ya kwanza ikatoka 1985. Ili kiwanda kisimame, magari ya nje yalitozwa kodi nzito na ya nyumbani yakapewa nafuu. Ongeza mikopo ya gari inayofika miaka 9 na petroli yenye ruzuku, utaelewa kwa nini familia ya kipato cha wastani ina magari mawili. Brunei imepita hata hapo: mafuta ni yao, na petroli huuzwa senti 53 za dola yao kwa lita. Usukani uko kulia nchi zote mbili, lakini usipoteze muda kutafuta huko. Spea za Proton na Perodua utazitafuta Malindi hadi uchoke.

Thailand ni habari nyingine. Kodi ya pikapu iliwekwa chini kuliko ya saluni, viwanda vya Hilux na D-Max vikajengwa huko, na pikapu ikawa gari la familia. Tunazipata nyingi kutoka kule, usukani kulia, dizeli. Ukiagiza, dai picha ya kitanda cha nyuma bila plastiki yake, na picha ya springi. Iliyobeba mpunga miaka 6 hujulikana hapo.

India, Vietnam, na swali kama unahitaji gari

Mwaka 2008 Tata ilionyesha Nano, na 2009 ikaanza kuuzwa kwa bei ya msingi ya rupia 100,000. Walitaraji kila mwenye pikipiki ahamie kwenye magurudumu manne. Hawakuhama. Ikaitwa gari la maskini, na anayenunua gari lake la kwanza hataki kuitwa hivyo. 2018 utengenezaji ukakoma. India mpaka leo haijafika magari 50 kwa kila watu 1,000, wakati pikipiki ni nyingi kupita kiasi. Vietnam ina watu milioni 100 hivi na pikipiki zaidi ya milioni 70, kwa sababu kodi ya gari ni kubwa na vichochoro vya Hanoi ni vyembamba.

Malindi tunaishi maisha hayohayo. Tuktuk za Bajaj zinazotupeleka Casuarina zimetengenezwa India, na Boxer na TVS za bodaboda ni za huko pia. Mama aliyekuja kwangu akitaka gari la kupeleka watoto shule kutoka Muyeye, nilimkalisha tukapiga hesabu ya petroli, bima, matairi na fundi kwa mwezi. Tuktuk ya kulipwa kila mwezi, dereva mmoja anayemwamini, ilikuwa chini ya nusu ya hiyo. Nilikosa kamisheni, naye akabaki na pesa za karo. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuagiza chochote.

Wanunuzi wenzako mnadani

Bei ya Japan haipangwi na Japan peke yake. Sri Lanka ilipoishiwa dola 2020 ilizuia kuingiza magari, na magari yaliyotumika ndani ya nchi yakapanda bei hadi mengine yakapita bei yalivyonunuliwa. 2025 walifungua, na wanunuzi wao wakarudi minadani Japan kutafuta Toyota Aqua na Vitz. Wabangladeshi wanazipenda Axio, Premio na Noah. Hawa sheria zao huwataka magari machanga kuliko ya kwetu, kwa hiyo ukitafuta la miaka 2 au 3 unapigana nao. La mwaka wa 6 au wa 7 wao wameshalipita, hapo uwanja ni wetu na wachache wengine. Usijifunge kwa modeli ambayo nusu ya Asia Kusini inaililia.

Na wenye ndugu Muscat, Dubai au Jeddah: Ghuba kuna magari mengi, petroli rahisi, na Saudia tangu Juni 2018 wanawake nao wanaendesha. Lakini usukani uko kushoto, na Kenya haisajili gari la kawaida la usukani wa kushoto. Mjomba akitaka kukuletea Land Cruiser yake, mwambie aiuze huko huko akutumie pesa. Dubai kuna yadi za magari ya usukani wa kulia, ila mengi yametoka Japan yakapitia hapo, kwa hiyo dai karatasi ya mnada ya asili.

Ukishaamua

Panga kalenda. Japan hutoza kodi ya gari ya mwaka kwa yeyote anayeonekana kwenye daftari tarehe 1 Aprili, kwa hiyo Februari na Machi watu huyaondoa magari kwa wingi. Uwe na pesa tayari miezi hiyo. Safari ya meli hadi Mombasa ni mwezi na zaidi. Mwaka ukipinduka, mwaka mmoja wa usajili unakatwa: kwa 2026 yanaingia yaliyosajiliwa kuanzia 2019. Gari la mwaka wa mwisho unaoruhusiwa usilinunue Novemba, likifika Januari umelia.

Kodi ya hapa haihesabiwi kwa bei uliyolipa. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, hupunguza kwa umri, kisha juu yake huja ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16, na ada mbili za uagizaji na reli. Injini isiyozidi cc 1,500 ina ushuru wa bidhaa mdogo kuliko kubwa. Mwambie wakala wa forodha akupigie hesabu kwa maandishi kabla hujatuma hata dola moja, na uhakikishe gari lina cheti cha ukaguzi cha kabla ya kupakiwa melini.

Likishatoka bandarini, usilikimbize Malindi siku hiyohiyo. Mpe fundi wa Mombasa aangalie breki, oili na tarehe za matairi, kisha lioshwe chini kwa maji matamu ya bomba, likauke vizuri, lipakwe dawa ya kutu kwenye chesisi yote. Ukifika nyumbani usilioshe kwa maji ya kisima cha chumvi.